Sekunde Kumi na Moja za Bwana Harusi

Mzee wa zamu amenipa dakika kumi na tano, na kabla hajaniachia mic akaninong'oneza, "Kijana, uwe na hekima." Maana yake nisiseme watu. Sawa, mzee wangu. Leo sisemi watu. Nitamsema bwana harusi mmoja ambaye hayupo hapa, hasali hapa, na wala hajazaliwa. Nimemtunga mwenyewe jana nikiwa nafua. Ukiona anafanana na wewe, that is between you and him.

Bwana huyu alikuwa na kazi ya mkataba. Ule wa mwaka mmoja mmoja, mnaujua, kila Desemba unalala na viatu. Jumatano wakamwita ofisini wakamwambia, we will not renew, asante kwa mchango wako. Jumamosi anaoa. Kadi zimeshatoka, kamati imeshakaa vikao tisa, keki iko kwenye friji ya mtu, mama yake yuko kwenye basi anakuja na kuku wawili. Angemwambia nani? Angeanzia wapi? Akanyamaza. Akavaa suti.

Mchungaji wao alikuwa hataki mchezo. Alitangaza simu zote zizimwe, anayerekodi ni mpiga video peke yake, mwenye kamera mbili: moja imeelekezwa kwa bwana harusi, nyingine kwa bibi harusi. Ikafika pale panapofikaga. "Je, unampokea huyu awe mke wako, katika raha na katika shida?" Mic ikasogezwa mdomoni.

Bwana harusi akakwama.

Nyie mliowahi kuulizwa kwenye interview "unajiona wapi baada ya miaka mitano" mtanielewa. Siyo kwamba hampendi yule dada. Anampenda mpaka anaumwa. Ila lile neno shida, sisi wengine tukilisikia tunaona kitu cha mbele huko, cha uzeeni. Yeye lilikuwa lina siku tatu, linanyonya. Sekunde moja. Tatu. Tano. Mtu akakohoa. Msimamizi akamgonga kiwiko. Mama mmoja akasema "Yesu wangu," na mic ikamnasa vizuri kabisa. Sekunde kumi na moja, wapendwa. Mnaona ni chache? Jaribuni kukaa kimya sekunde kumi na moja hapa hapa, tuone kama Dada Tusekile hajaanzisha pambio.

Kisha akasema, "Ndiyo, Mungu akinisaidia." Vigelegele. Matarumbeta. Watu wakala pilau, wakacheza, wakarudi makwao, na njiani kote walikuwa wanaongelea kitu kimoja, na siyo pilau.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa mpiga video.

"Nipe zote. Nitahariri mwenyewe nyumbani."

"Bosi, hiyo si ndiyo kazi yangu?"

"Kazi yako umeshafanya. Nipe raw zote. Na kwenye kadi za kamera zako futa, nikiona."

Mpiga video akamtazama. "Kuna tatizo, bosi?"

"Hakuna tatizo. Mimi ni mtu wa privacy."

Mtu wa privacy. Amealika ukumbi mzima, amepita mjini na matarumbeta kwenye pikapu, leo ni mtu wa privacy.

Haya. Nyumbani alikuwa na kompyuta ya mezani, ya kizamani, feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga. Mke wake ni nesi, anaondoka asubuhi. Yeye anabaki. Siku ya tatu mke akamuuliza akiwa anafunga kamba za viatu, "Hiyo likizo yako bado?"

"Wameniongezea."

"Wazuri hao," mke akasema. Akachukua mkoba, akaenda.

Na yeye akakaa kwenye kiti, akawasha. Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Unaweka mkasi hapa, unaweka mkasi pale, unatoa sekunde kumi na moja, unaunganisha. Alipounganisha, mchungaji akaruka kama amepigwa shoti. Mtoto wa maua aliyekuwa ameketi mbele akatokea ghafla amesimama kwenye nguzo. Akarudisha. Akaweka picha ya maua pale katikati ili kufunika. Ikawa kama tangazo la duka la maua. Akatoa maua, akaweka njiwa wale wa kompyuta wanaoruka na utepe. Akawatoa na njiwa. Akagundua kwamba akikata zote, ile "ndiyo" inatoka haraka mno, utadhani anamjibu polisi. Akarudisha sekunde mbili. Mbili zikamwonyesha jasho. Akarudisha moja na nusu. Halafu sauti: yule mama na "Yesu wangu" wake bado yumo. Akammwagia kwaya juu. Kwaya ikapanda kabla ya wakati wake, ikawa kama inamkatisha mchungaji.

Wiki ya kwanza ikaisha hivyo. Ya pili ikaisha hivyo. Anaamka hajanawa uso, anawasha. Anakula ugali ameshika mausi. Anatoka nje, anazunguka banda la kuku, anarudi, anaangalia tena. Kazi ya kutafuta hatafuti. Barua moja hajaandika. Mwanaume mzima, mwenye akili zake, na degree iko ukutani kwenye fremu, muda wote anaangalia uso wake mwenyewe umekwama. Mara mia? Mara mia tatu. Let me ask you, na msinijibu kwa sauti: wewe ni sekunde gani ya maisha yako unayoizungukia namna hiyo?

Mtaniambia, si aonyeshe tu ilivyo. Hapana, subirini. Kuna mila yetu, hata kama haimo kwenye liturujia: harusi haijaisha mpaka wakwe wameangalia video. Wanakuja na watoto, wanapangwa kwenye makochi, wanaletewa sambusa, na kila mmoja anatafuta uso wake mwenyewe kwenye skrini. Baba mkwe alishatuma ujumbe. Tunakuja Jumapili hii baada ya ibada. Kwa hiyo bwana harusi alikuwa na mpaka Jumapili kuwa mtu ambaye hakukwama.

Ijumaa mchana akafanikiwa. Kwa kweli tumsifie, alikuwa na kipaji. Kwaya inaingia taratibu, kamera inaenda kwenye pete, inarudi, "Ndiyo, Mungu akinisaidia." Safi. Huwezi kuona mshono. Kompyuta ikawa inalalamika imejaa, haiwezi kuhifadhi kazi iliyokamilika. Akachagua mafaili yote ya mwanzo, ya kamera ya kwanza na ya pili, akafuta. Akaenda kwenye kapu la takataka la kompyuta, akafuta na huko. Akajinyoosha. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile, alipiga mluzi.

Mke akarudi kazini na sare yake, miguu imevimba. Akamkalisha. "Njoo uone kazi ya mikono yangu."

Mke akaangalia. Ilipofika pale, akasema, "Rudisha nyuma kidogo."

Akarudisha.

"Umekata."

"Ni sekunde tu hapo. Palikuwa pamepoa."

"Kumi na moja."

"Kumbe ulihesabu?"

"Bwana wewe, mimi ndiye niliyekuwa nasubiri. Nisingehesabu?" Hakusema kwa hasira. Akavua viatu. "Na ya kwangu umeiona? Kamera iliyokuwa upande wangu?"

"Sikuifungua. Mimi pale sipo."

"Ifungue sasa."

"Nimefuta."

"Zote?"

"Kompyuta ilikuwa imejaa, mke wangu. Lakini ulikuwa umetulia tu pale, umejifunika shela. Kulikuwa na nini cha kuona?"

Mke akakaa. Akaangalia ile skrini, ilikuwa imeganda kwenye uso wa mumewe anatabasamu.

"Nilikuwa najua," akasema. "Tangu Alhamisi. Mwenzako wa ofisini alinipigia, akidhani umeshaniambia, akanipa pole. Nikasema ataniambia mwenyewe. Ijumaa hukuniambia. Tukafika pale mbele, ukaulizwa, ukanyamaza. Nikajua ni kwa sababu gani. Nikasema moyoni, huyu akishindwa kulitamka, watamla mzima mzima, yeye na mama yake. Nikashika shela kwa mkono wa kulia, nikaanza kuinua. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Nilikuwa naenda kusema mimi ndiye sitaki."

"Useme nini?"

"Kwamba mimi ndiye nimebadili mawazo. Wewe huna kosa. Wanaume wakiachwa madhabahuni huwa wanaonewa huruma. Mimi wangenitukana mwezi, miezi miwili, nami nimezoea kutukanwa, ni nesi." Akacheka kidogo, halafu hakucheka. "Shela lilifika hapa, kidevuni. Ndipo ukasema ndiyo. Nikashusha mkono. Hakuna aliyeona, wote walikuwa wanakuangalia wewe. Kamera tu ndiyo iliona. Nilitaka siku moja na wewe uione."

Wapendwa, yule bwana akarukia kompyuta. Akafungua kapu, tupu. Akatafuta faili kwa jina, kwa tarehe, akaomba, akaipiga ubavuni kama redio. Hakuna. Akampigia mpiga video. Mpiga video akamwambia, "Bosi, si ulisema nifute ukiona?"

Ukimya aliouonea aibu ndio uliokuwa na picha moja tu iliyobaki duniani ya mtu anayeinua mkono kuibeba aibu hiyo. Yeye alikuwa anajiangalia jasho.

Na mfano wangu haujaisha. Natamani ungeishia hapo tulie kidogo twende nyumbani. Jumapili wakwe wakaja. Sambusa zikapita. Video ikawashwa kwenye TV. Ilipofika pale, watu wakaangaliana, maana walikuwepo kanisani, wanajua walichokiona. Lakini skrini inasema vingine, na binadamu ukimwonyesha skrini anaanza kutilia shaka macho yake. Baba mkwe akapiga goti lake kofi, akasema, "Mnaona? Na watu walivyosema kijana alisita. Alisita wapi? Amejibu kama mwanaume." Sebule nzima ikapiga makofi. Bwana harusi akafungua mdomo. Akamwangalia mke wake. Mke wake akamwangalia yeye, akasubiri, safari hii sijui alihesabu ngapi.

Bwana harusi akafunga mdomo.

Mke akainuka. "Ngoja niwaletee soda," akasema. Akamfunika tena.

Hapo ndipo nimeuacha mfano, kwenye makofi, na naomba mniwie radhi, kwa sababu sisi tunaishi hapo hapo kwenye makofi. Tuwe serious dakika moja. Ushuhuda wetu wa kila Jumapili, si ndiyo video ile? "Nilikuwa naumwa, nikaomba, nikapona, Bwana asifiwe." Na ile miezi minne uliyokuwa hutaki hata kusikia jina la Mungu, umeipeleka wapi? Umemwagia kwaya juu. CV zetu je? Kuanzia mwaka niliomaliza chuo mpaka leo nimeandika self-employed, kwa maandishi yaliyokolezwa. Nimejiajiri kufanya nini? Kufua. Mpaka msibani tunashika mkasi: marehemu akisomewa wasifu, ndugu zake wenyewe wanageuka kuuliza nani huyu anayezikwa.

Sikatai, aibu inauma. Sitasimama hapa niwaambie aibu ni kitu kidogo. Anayesema hivyo ana mshahara. Ninachowaambia ni kwamba tumeangalia kamera moja tu. Tumekaa na nyuso zetu zilizokwama, mara mia tatu, tunatafuta pa kukata. Na upande wa pili yuko aliyejua tangu Alhamisi. Alijua kabla hujasimama. Hakusubiri ujibu vizuri ndipo akupende. Alikuwa ameshavuta pumzi aseme, ni mimi, niandikeni mimi. Naye hakushusha mkono kama yule dada. Yeye alilitamka, mchana kweupe, mbele ya watu waliomtemea mate. Sisi tunakuja kanisani kumshukuru, tukiwa tumefuta sehemu yenyewe aliyotufanyia. Halafu tunalalamika hatumwoni. Utamwonaje? Alikuwa pale pale ulipokata.

Mzee wa zamu ananionyesha saa. Namaliza, mzee wangu, sijamtaja mtu.

Ratiba inasema baada ya neno ni ushuhuda. Nimeona majina matano kwenye karatasi, na najua shuhuda zenu, ni nzuri, zina mwanzo na zina ameni mwishoni. Leo naomba hao watano mkae. Kama kuna mtu hapa ambaye bado hajapona, hajaitwa kazini, hajamwambia mwenzake, na hana ameni ya kumalizia, mic hii hapa naiacha mezani. Uje na habari yako hivyo hivyo ilivyo. Na sisi wengine, jamani, asianzishe mtu pambio.