Panga Lililotiwa Matiko kwa Kukisia

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa pwani aliishi mhunzi mcha Mungu aliyeitwa Fundi Ngwali bin Ubwa. Alikuwa na desturi asiyoivunja: hakumkabidhi mtu panga kabla hajalijaribu nje, mchana kweupe, juu ya gogo kavu la mkwaju, na mwenye kulitaka akiwa amesimama hapo hapo. Alipiga mara tatu kwa bismillahi. Pigo la kwanza lilifuata nyuzi za mti, la pili lilizikata, na la tatu lilitua kwenye kifundo, pale ambapo mti huwa mgumu kama moyo wa bahili.

Ramadhani moja alijiwa na mjane, jina lake Mwana Hidaya. Mumewe alikuwa amemwachia konde lililoingia msitu, na ada ya mji ule ilikuwa kwamba konde lisilofyekwa kabla ya mvua ya kwanza hupewa mtu mwingine. Mawingu yalikuwa yamekwisha anza kujikusanya.

"Fundi wangu," alisema, "panga la marehemu limeliwa na kutu. Nipe lililo zito. Miti iliyomo mle si ya kuchekewa."

Fundi Ngwali akachukua panga kubwa alilolimaliza asubuhi ile, wakatoka hadi kwenye gogo. Jirani yake Vuai, mchonga milango, akaweka tindo yake chini akaja kutazama, maana hakukosa kamwe penye jambo la kutazama.

Pigo la kwanza, gogo likapasuka. La pili, vibanzi vikaruka hadi miguuni mwa Vuai. La tatu, kifundo kikagawanyika kama tango.

"Mashaallah!" akasema Vuai. "Hilo si panga, hilo ni kadhi. Limekwisha hukumu!"

Mwana Hidaya akanyoosha mkono apokee. Fundi hakulitoa. Alikuwa amesikia wasilolisikia wao. Chuma kizima kikigonga kifundo hulia, na mlio wake hukaa hewani; hiki kilikohoa tu.

Naye aliijua sababu. Siku zote, kabla ya kulitia panga matiko, yaani kukizamisha chuma chekundu katika maji ya chumvi ili kiwe kigumu, mhunzi yule aliyaonja maji kwa ncha ya ulimi. Chumvi ikipungua, panga hupinda. Ikizidi, huwa gumu la kuvunjika. Asubuhi ile, kwa kuichelea saumu yake, hakuonja. Alikisia.

Nafsi ikamnong'oneza: umepiga mara tatu, desturi imetimia, nani atakulaumu? Akalifuta jasho la usoni. Kisha akasema, "Bibi, rudi nyuma kidogo. Nawe Vuai."

Akapiga pigo la nne. Panga likakatika katikati, na kipande chake kikaruka kikajichoma mchangani, pale pale alipokuwa amesimama Mwana Hidaya.

Vuai akacheka hadi akashika mbavu. "Fundi, wewe umefunga, kumbe panga lako limekunywa mchana mpaka likalewa!"

Mjane hakucheka. "Mvua hiyo inakuja, nawe umelivunja! Kwa nini hukuniachia nikabahatishe? Si lilikuwa linakata?"

"Lingekata miti kumi, Bibi, na kwenye wa kumi na moja lingekukata wewe. Niliulinda ulimi wangu, nikausahau mkono wako. Nisamehe kwa ajili ya Mungu. Ninalo jingine linalongoja matiko, lakini maji yale siyaamini tena. Subiri adhana ya magharibi, nifuturu, niyaonje."

Mwana Hidaya akatazama juu, akayaona mawingu yalivyoshuka. Akavuta pumzi. "Yalete. Nitayaonja mimi."

"Na saumu yako?"

"Leo sina saumu, Fundi. Na sababu yake usiniulize mbele ya Vuai."

Fundi akainamisha macho. Vuai, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, akakumbuka ghafla kwamba ana mlango wa watu haujakwisha.

Mtungi ukaletwa. Mwana Hidaya akachovya kidole, akaonja, akatema. "Subhanallah! Mchuzi huu kapika mke aliyenuna. Sasa niambie, yanatakiwa yaweje?"

"Yawe kama machozi," akasema Fundi. "Yasizidi hapo."

"Ladha hiyo naijua," akajibu mjane.

Akaongeza maji ya kisima kata moja, akaonja. Kata ya pili, akaonja. Na kwenye ya tatu akatikisa kichwa kuafiki. Fundi akakizamisha chuma, kikafoka mvuke. Panga lile lilipigwa mara nne juu ya gogo, na mara zote nne lililia vizuri. Mengine matatu yaliyokunywa maji ya asubuhi Fundi aliyarudisha motoni siku hiyo hiyo.

Mvua ya kwanza iliponyesha, wazee wa mji walipita kukagua makonde. Walimkuta Mwana Hidaya ameinama katikati ya konde jeupe lililofyekwa lote, akifukia mbegu za mtama.

Ndugu zangu, saumu ya Fundi Ngwali ilikuwa sahihi asubuhi ile, na panga lake lilikuwa bovu, na kwa vyote viwili angeulizwa. Mola atujaalie ujasiri wa kupiga pigo ambalo hakuna anayetudai.