Kilima Kisichogawanyika

Haya, sogeeni, na anayetaka kunikatiza anikatize sasa. Hadithi yangu ya leo haina mjanja wala mjinga, ndiyo maana inaniumiza kichwa.

Huko Kirongaya aliishi mchoma mkaa, Mzee Mfinanga. Alikuwa na kilima chake, akakimaliza mti baada ya mti mpaka chemchemi ikakauka na kifua chake kikaharibika kwa moshi. Alikuwa na watoto watatu. Nakijwa, wa kwanza, alijaliwa akili ya kubuni vitu. Nambike alijaliwa utulivu. Nyoka akiingia ndani wenzake walikimbia, yeye alibaki kitini akiangalia anakoelekea. Mbonea, kitinda mimba, alijaliwa kuaminika. Akisema vitunguu vyake ni vizima, watu walinunua bila kuvigeuza.

Ulipojengwa hapo Kirongaya mtambo wa nyuklia wa kizazi kipya, Nakijwa alikuwa miongoni mwa wahandisi. Alishikilia kwamba tangi la maji liwekwe mahali palipoinuka kuliko pote, ili umeme wa pampu ukikatika, maji yateremke yenyewe na kuupoza mtambo. Mahali penyewe palikuwa na kaburi la mama yao. Akalihamisha, na ndugu zake wakamnunia kwa miaka. Lakini umeme ulifika kila nyumba, mkaa ukakosa mnunuzi, kilima kikaota miti tena na chemchemi ikarudi.

Kisha masika moja, mchana, ardhi ikatetemeka. Umeme ukakatika, mtambo ukajizima wenyewe kama ulivyoundwa, na maji ya Nakijwa yakaanza kuteremka.

Nambike ndiye aliyekuwa zamu kwenye chumba cha kuongozea mitambo. Ving'ora vililia, mkuu wake akaingiwa na hofu, akamwamuru afungue vali kupunguza mvuke. Nambike alijua kwamba vali ile ingeyamwaga maji yaleyale yanayopoza. Akaweka mikono mapajani.

"Mkuu, mtambo unajua kazi yake. Tuuache."

Mkuu alitukana, akatishia, lakini Nambike hakugusa kitu wala hakumpisha kwenye kiti. Joto likashuka. Kesho yake akasimamishwa kazi kwa kukaidi amri.

Huko mjini, mchana uleule wa tetemeko, watu walisikia ving'ora na kukimbilia darajani, wamebeba watoto na magodoro. Mto ulikuwa umefurika, na tetemeko limelitia daraja ufa ambao hakuna aliyeuona. Mbonea aliwachukua binti zake wawili, akaenda kuketi nao langoni pa mtambo, kando ya njia ya kwenda darajani, mvua ikiwanyea.

"Kungekuwa na hatari ningewaleta wanangu hapa?" akawauliza waliokuwa wakipita mbio.

Watu wakasita, wakarudi mmoja mmoja. Jioni daraja lilianguka bila mtu juu yake. Mke wa Mbonea alipomuuliza alijuaje kwamba mtambo ni salama, akajibu kweli, maana uongo haujui: "Sikujua. Niliwaamini dada zangu tu." Mwanamke akafunga virago, akaondoka na watoto, na mimi simlaumu.

Sasa Mzee Mfinanga yuko kitandani, pumzi zinahesabika. Anataka kumwachia kilima mtoto mmoja tu, kwa sababu kikigawanywa kila mmoja atakata miti ya upande wake, na chemchemi itakufa mara ya pili. Atakayekipata atapata pa kuishi na neno la mwisho la baba. Wengine wawili watapata salamu.

Nakijwa anasema bila tangi lake Kirongaya isingekuwepo. Nambike anasema tangi lingebaki tupu kama angetii. Mbonea anasema mtambo salama haumfai mtu aliyezama mtoni. Wote wanasema kweli, na wote wamelipa: mmoja kwa kaburi la mama, mmoja kwa kazi, mmoja kwa ndoa. Wamekizunguka kitanda cha baba yao na hawatazamani. Inanisikitisha mno, maana mji mzima umepona isipokuwa nyumba ile.

Msiniambie wakimiliki pamoja. Hata uji hawanywi meza moja. Mzee ameomba jina moja, na anaweza kukata roho kabla ya kulipata. Wewe unayenisikiliza, ungekuwa wewe umeinama karibu na sikio lake, ungemnong'oneza jina la nani?