Kuku wa Bu Euis

Haya, jongeeni. Nina fundo mkononi, kulifungua kumenishinda, kwa hiyo nawaachia nyinyi.

Pale Muheza, mkoani Tanga, walikuwepo vijana watatu, na kila mmoja alikuwa na chake. Zaituni alikuwa na sikio. Alikuwa msusi, na kwa miaka alisuka huku simu ameiegemeza kwenye kioo, inaonyesha tamthilia za Indonesia, mpaka akawa anaelewa maneno bila kusoma maandishi ya chini. Shekue alikuwa na koo. Alianza kutafsiri filamu kwa sauti kwenye kibanda umiza, ukumbi mdogo wa video wa mjomba wake, na angeweza kuwa bibi, askari na mbuzi kwa pumzi moja. Mwantumu alikuwa na jicho. Alisomea filamu chuoni, na jicho hilo halikumpa raha: midomo ikitangulia sauti hata kidogo, alikosa usingizi.

Watatu hao walitia Kiswahili kwenye vichekesho vifupi vya Bu Euis, yaani Mama Euis, mchekeshaji wa mji wa Garut kule Indonesia, anayejirekodi jikoni kwake akijifanya bibi mkali. Bu Euis aliwaruhusu kwa sharti moja: kila kipande akione kwanza. Shekue alilalamikia sharti hilo. Mwantumu alilipenda, lilimpunguzia hofu.

Siku moja wakaletewa kipande kipya. Giza limeingia, mjukuu ameketi sakafuni, ameinama. Bibi anatokea mlangoni na mwiko: "Jangan potong kuku malam-malam!"

Zaituni akasikia mara moja. "Potong ni kukata. Malam ni usiku. Anamwambia asikate kuku usiku."

"Kukata kuku?" Mwantumu akauliza.

"Kuchinja, shosti. Wao ndivyo wanavyosema."

"Mbona juzi ulituambia kuku kwao ni ayam?"

"Labda ayam ni jogoo. Dunia kwao ni dunia, habari ni kabar. Sasa kuku awe nani, bata?"

Shekue hakungoja ubishi uishe. Akavuta kipaza sauti, akakunja koo. "Weee! Kuku hachinjwi usiku!" Kisha, bila kutumwa na mtu, akamtia kuku asiyeonekana nyuma ya mlango, kwa sauti ya mama mtu mzima aliyesalimika: "Shikamoo bibi! Mungu akuweke!" Zaituni akacheka mpaka kitana kikamdondoka.

Ikabaki kazi ya Mwantumu. Kesho yake asubuhi akaketi peke yake, akaipitisha video picha kwa picha. Mjukuu alipogeuza mkono, kitu kikametameta. Akaikuza picha. Kilikuwa kikatio cha kucha.

Kuku ni kucha! Bibi alikuwa akikataza kukata kucha usiku. Walikuwa wamemweka ndege ndani ya nyumba isiyo na hata unyoya mmoja, na Bu Euis mwenyewe alikuwa anasubiri kukiona kipande. Mkono wa Mwantumu ukaenda kufuta. Ukasimama. Maana alikumbuka kwamba katazo hilo alilijua tangu utotoni, na aliyemfundisha alikuwa uani wakati huo, akipepeta mchele.

Akatoka na simu na kikatio cha kucha. "Bibi, hebu nifokee kama nakata kucha usiku."

"Mchana kweupe hivi nikufokee ya usiku? Nitakuwa mwongo."

"Jifanye tu, bibi."

"Kujifanya ndiko mlikosomea chuoni?" Akaweka ungo chini. "Haya, shika hicho kidude. We Mwantumu! Kucha hazikatwi usiku! Unamwita shetani gani?"

Basi Mwantumu hakumfuta kuku. Alimwacha ashukuru, kisha akaunganisha mkono wake mwenyewe ukiwa na kikatio, na bibi yake akifoka, na maandishi kwa lugha zote mbili: "Tulisikia kuku. Kumbe alisema kucha. Na kwetu pia hazikatwi usiku."

Bu Euis alikiona, akakirusha yeye mwenyewe kwenye ukurasa wake. Watu wa Garut wakacheka kusikia kwamba kucha zao huku zinataga mayai. Watu wa Tanga wakaandika, "Kumbe na wao wana bibi kama wetu!" Vijana wa huku na huko wakaanza kuwarekodi bibi zao wakifoka.

Kisha ukaja ujumbe. Bu Euis anatengeneza mchezo mpya wa mtandaoni, kuna mgeni kutoka Tanzania anayeingia jikoni kwake, na amepata nafasi ya kumleta mtu mmoja. "Nitajieni yule ambaye bila yeye nisingecheka."

Wakakutana saluni. Hakuna aliyeketi.

"Bila kosa langu, kuku angetoka wapi?" Zaituni alisema. "Na lugha yao naijua mimi. Tangu nasoma shule, nyumbani wananiuliza, hizo tamthilia zitakufikisha wapi? Si ndiyo huku sasa?"

"Kosa lako lilikuwa maneno tu karatasini, dada," Shekue akasema. "Aliyewachekesha ni kuku, na kuku ni mimi. Ko ko ko, nipisheni nipande ndege."

Wakamgeukia Mwantumu. Naye alitaka kwenda. Alitaka kusimama mahali penye kamera ya kweli hata mara moja.

"Mngechekwa," alisema hatimaye, taratibu. "Mimi ndiye niliyefanya mcheke pamoja nao. Na mimi pia nataka kwenda."

Ilikuwa mara ya kwanza wamsikie akitaka kitu. Shekue akaacha ko ko ko yake. Zaituni akamshika bega, lakini hakusema nenda.

Mwantumu akaandika majina yote matatu, akatuma. Jibu likarudi na kicheko ndani yake: "Satu saja." Mmoja tu.

Wakaenda kumwuliza bibi yake Mwantumu, wakamkuta tena na ungo wake. Akawasikiliza mpaka mwisho. "Aende kuku," akasema, akaendelea kupepeta. Kila mmoja akadhani kasemwa yeye.

Simu iko mkononi mwa Mwantumu, na wenzake wawili wamemsimamia kushoto na kulia, hakuna aliyemwacha mwenzake. Bu Euis anasubiri jina. Aliyesikia vibaya, aliyempa kuku sauti, au aliyeona kosa akaacha kulifuta: nyinyi mlioketi hapa, mngeandika la nani?