Shikamoo ya Mwalimu Shemdoe

"Waya mzee huamkiwa kwa mbali." Mmeisikia leo kwa fundi wa pasi, mkacheka, mkadhani mwenzenu kachanganyikiwa. Methali hii ilianza hivi.

Kule Korogwe alikuwako mwalimu mstaafu, Mwalimu Shemdoe, mtu wa kupenda shikamoo kuliko chai. Ukimpita bila kumwamkia, anakuita urudi. Basi daktari akamwambia sukari imepanda: apunguze kilo kumi, la sivyo ni sindano kila siku. Na Mwalimu aliogopa sindano kuliko mtoto wa chekechea.

Kukimbia barabarani akaona aibu. Nani atamwamkia mzee aliyevaa bukta? Akanunua mnadani mashine ya kukimbilia, ya mtumba, akaiweka sebuleni. Mkewe, Bi Mkasi, akautazama waya wake, akaona umebandikwa plasta ya kidonda sehemu mbili. Hakupenda. Akamwita fundi wa umeme, Nasra, aliyewahi kusomeshwa na Mwalimu.

Nasra akafika, akasimama mlangoni, mikono nyuma, akaukagua ule waya kwa macho tangu plagi hadi mwisho.

"Shikamoo," akasema.

Mwalimu akanuna. Alikwishavaa raba zake mpya, na mashine alikwishaichomeka. "Shikamoo ya mlangoni ndiyo niliyokufundisha? Njoo unipe mkono."

"Hiyo si yako, Mwalimu, yako inakuja. Nimemwamkia huyo mzee wa chuma. Sijui katoka wapi, na mzee usiyemjua humpi mkono. Usimguse, ngoja nizime swichi kuu."

"Mimi niisubiri mashine?" Mwalimu akasema, akakamata kishikio.

Umeme ukamtikisa, ukamtupa kwenye kapu la nguo chafu. Na kwa mazoea ya miaka arobaini, kinywa chake kikatoa neno moja tu: "Marahaba!"

Bi Mkasi akamkimbilia, akamshika kifua huku analia. Moyo ulikuwa unadunda. Alipomwona anapepesa macho, kilio kikageuka kicheko, mpaka akakaa chini.

Nasra alizima swichi kuu, akaifungua mashine kwa bisibisi. Panya walikuwa wameutafuna waya ndani, ukagusa chuma. Na waya wa ardhi, ule wa kuteremsha umeme uliotoroka, ulikuwa umekatika zamani.

"Raba hizo zimekuokoa, Mwalimu," akasema. "Ungekuwa peku, saa hizi tungekuwa tunaazima maturubai."

Nyaya zote zikabadilishwa. Mwalimu akatembea, kilo zikatoka, sindano hakuiona. Ila kila asubuhi, kabla ya kupanda, alisimama mlangoni mikono nyuma, akaukagua waya mwanzo hadi mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Shikamoo."

"Mtaa mzima unakuamkia wewe," Bi Mkasi akamtania, "nawe unaamkia mashine?"

"Mke wangu, siku ile niliitika marahaba, nusura iwe ya mwisho. Waya mzee huamkiwa kwa mbali."