Muhogo wa Shemeji Chitanda

"Muhogo mchungu hausikii maneno." Mmeisikia leo mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, tulieni, na wewe mwenye simu iweke chini. Methali hii ilianza hivi.

Mwaka mmoja wa njaa, huko Umakondeni, Somoe alikuwa na watoto watatu ambao kwa siku mbili walikuwa wamekunywa uji wa pumba tu. Akatokea shemeji yake Chitanda, mdogo wa mumewe, na kapu la muhogo alilopewa ng'ambo ya mto. Watoto wakarukaruka kwa furaha. Somoe akamenya mmoja, akaonja ncha kwa ulimi kama mama yake alivyomfundisha, akatema. Mchungu! Muhogo wa namna hiyo hulowekwa siku tatu, ukaanikwa, ndipo ukaliwa. Ukiupika vivi hivi unazika watu.

"Siku tatu!" Chitanda akang'aka. Loo, yule bwana alijaliwa mdomo! "Shemeji, ng'ambo kijiji kizima wanaupika siku hiyo hiyo. Wote wajinga, mwerevu wewe peke yako?"

Somoe akafikiri. Kweli, kijiji kizima hakiwezi kuwa kijinga.

"Na aliyenipa ni mzee wa miaka tisini. Unambishia mzee?"

Hilo nalo kweli, mzee habishiwi.

"Hebu watazame hawa watoto. Mama gani ana chakula mkononi anawanyima wanawe?" Majirani waliosimama uani wakaguna. Mtoto mdogo akaanza kulia. "Tena mwaka jana uliunguza hata kisamvu. Leo umekuwa fundi wa muhogo?"

Watu wakacheka. Somoe naye akacheka, maana kisamvu kweli alikiunguza. Kila neno alilolishika aliliona lina ukweli, na yote yalimsukuma jikoni. Akajiona mkaidi, akajiona mama mbaya. Akainjika chungu. Akachukua kipande, akakigusa tena kwa ulimi. Kilikuwa kichungu vilevile.

Akakiweka kando ya chungu, akamgeukia Chitanda.

"Shemeji," akasema, machozi yakimlengalenga, "umenishinda. Sina jibu hata moja. Lakini na huu muhogo umezungumza nao lini?"

"Unasema nini wewe?"

"Maneno yote umeniambia mimi. Muhogo haukusikia hata moja. Haya, tafuna wewe kwanza, wanangu wakuone."

Chitanda akachukua kipande kwa mbwembwe, akatafuna. Uso ukamkunjamana. Akatema, akaomba maji, akatema tena. Safari hii hakuna aliyecheka. Jirani mmoja akaondoka, akarudi na mtungi wa kulowekea.

Siku zile za kungoja muhogo ulowe na kukauka, watoto walikula majani ya maboga, wakimnunia mama yao. Siku ya saba wakala ugali wa muhogo, wote watatu.

Basi mtu akikuzidi maneno, mwambie kakuzidi, wala usione haya. Ila kabla hujainjika chungu, onja mwenyewe. Muhogo mchungu hausikii maneno.