Kwa Nini Ngano ya Waxhosa Huitikiwa

Nimezunguka, wenzangu. Nimekaa kwenye majumba ya michezo ya miji mingi, na kote nilifunzwa jambo moja: pazia likifunguka, funga mdomo. Basi jioni ile kando ya mto Mbashe, kwa Waxhosa, Bibi MaDlomo alipofungua ngano na nyumba nzima ikaitikia kwa sauti, "Chosi!", mimi mgeni niligeuka, kidole mdomoni, nikawaambia, "Shhh! Nyamazeni, bibi anasema!"

Mama mmoja alijishika kifua. Bibi MaDlomo, ambaye wote humwita kwa jina hilo la ukoo wake, alinitazama kama mtu aliyemwona ng'ombe akipanda ngazi. Akaiacha ngano aliyoianza, akanisimulia nyingine.

Hapo kale, alisema, wasikilizaji hawakuitikia. Msimulizi alisema peke yake, akaimba peke yake, na kunyamaza ndiko kulikuwa heshima. Siku hizo aliishi Nozinga, fundi wa ngano. Akisimulia ndege, aliruka. Akisimulia kizee, mpaka magoti yalimlia.

Jioni moja akasimulia zimwi. Alikunja mgongo, kikatoka kibyongo. Alikaza koo, sauti ikawa ya shimoni. Watu kimya. Alikenua, na meno yaliyoonekana hayakuwa yake. Watu kimya, wanatikisa vichwa tu: leo Nozinga ametia fora! Zimwi likamfikia Lindelwa, binti wa Nozinga wa kumzaa, aliyekaa mbele mkekani. Likamshika mkono. Likauma. Damu ikadondoka, na jamani, kuna bwana mmoja bado alikuwa akitabasamu kwa utamu wa mchezo!

Aliyeshtuka ni mama mkwe wake Nozinga. "We mke wa mwanangu!" alipiga kelele. "Tuko hapa! Tunakusikia!"

Zimwi likasita, likageuza shingo.

"Itikieni, enyi magogo! Hajui njia ya kurudi!"

Hapo wote wakalipuka kwa sauti na makofi, wakaudaka na wimbo wa ngano aliokuwa akiuimba. Kila walipoitikia, kibyongo kilishuka, na meno yakarudi kuwa ya mtu. Mwishowe Nozinga alijikuta ameushika mkono wa mwanawe, mdomo wake umejaa damu.

"Nani amemuuma mtoto wangu?" akauliza.

Mama mkwe wake akamfuta damu mdomoni.

Na tangu siku hiyo, msimulizi wa Kixhosa akifungua ngano hasogei mbele mpaka aitikiwe. Na akiimba, wote humpokea wimbo, apate kujua watu wake wako wapi.

Nilikuwa nimelowa jasho. Nikajitia mcheshi, nikauliza, "Kwa hiyo, bibi, msikilizaji akinyamaza siku hizi...?"

"Analiwa," akasema MaDlomo. "Itikia."