Mgonjwa Aliyejifanya Amelala

Wapendwa, acheni niwape habari ya baba mmoja. Msiniulize ni wa mtaa gani. Baba huyu alipasuliwa ngiri, na siku ya kuruhusiwa nesi akamwonyesha namna ya kushuka kitandani bila kuumiza mshono. Lakini dawa zilikuwa bado zinamlevya, na mkewe alikuwa nje anahangaika na usafiri, akasikia maneno ya mwisho tu. Wakafika nyumbani na maelezo nusu nusu. Mke anasema, "Alisema ugeuke kwanza." Mume anasema, "Hapana, alisema niinue kichwa." Jambo moja wote wawili walilishika: daktari alitaka atembee kila siku, hata kama ni hadi mlangoni na kurudi. Akilala tu, damu inaweza kuganda miguuni, na hiyo inaua.

Sasa, mtu aliyekatwa tumbo hajui kuamka. Mnacheka? Subirini yawakute. Jambo ulilolifanya tangu utotoni bila kulifikiria linageuka mtihani. Ukiinuka wima, tumbo linavuta. Ukikohoa, unaona nyota. Baba wa watu akalala chali anatazama dari, hajui aanzie wapi.

Wakaja wanajumuiya wa kanisani kwao na sukari, mchele na juisi. Upendo tele, sitawasingizia. Mzee mmoja akasema, "Inuka kwa mkupuo mmoja, kiume! Ukijidekeza, maumivu yanakuzoea." Mama wa kwaya akasema, "Wee, avutwe!" Akashika mkono mmoja, mwenzake akashika wa pili. Shangazi mtu akafunga kanga miguuni pa kitanda ili mgonjwa ajivute nayo. Huyu anaweka mito mgongoni, yule anaiondoa. Kisha kiongozi akatangaza, "Tusimame tuombe," na wote wakamgeukia mgonjwa. Naye asimame? Wakamsimamisha! Yule baba alilia mbele ya watoto wake. Wao wakasema, "Amina! Roho amemgusa."

Walipoondoka akamwita mkewe. "Mama Tumsifu, hawa watu wananipenda?"

"Wanakupenda sana."

"Basi mbona wakinisaidia naumia kuliko nikiwa peke yangu? Mimi sielewi."

Ungekuwa wewe ungemjibu nini?

Tangu hapo, akisikia hodi anafumba macho, na mke anasema mlangoni, "Amelala." Asubuhi amelala, jioni amelala. Wageni wanarudi makwao wakimshukuru Mungu kwamba mgonjwa anapumzika vizuri. Kumbe hajakanyaga chini, na miguu imeanza kuvimba! Mkewe akitaka kumwinua, anausukuma mkono wake. Yule mama akachanganyikiwa kabisa. Aite watu wamwinue kwa nguvu? Au afunge mlango wasije tena? Akiita, mumewe ataumia. Akifunga, mumewe anaweza kufa. Akakaa jikoni, chai inachemka hadi inamwagika, yeye anaitazama tu.

Ndipo akafika mama yake mzazi, yaani mama mkwe wa mgonjwa. Mnajua mambo ya ukwe kwetu. Mama mkwe haingii chumba anacholala mkwewe, na kumshika ndiyo usiseme. Akakaa sebuleni, pazia katikati. Mgonjwa kule ndani akafumba macho kama kawaida yake.

"Mkwe wangu," mama akasema, "najua uko macho. Mimi siwezi kuja kukuinua, unajua mwenyewe. Niambie tu, ukifanyaje inauma?"

Wapendwa, katika watu wote waliopita nyumba ile, hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo.

"Nikiinua kichwa, mama."

"Na ukikunja magoti?"

Akajaribu. "Hapo hapaumi."

"Na ukigeuka ubavu?"

Akaubana mto tumboni, akageuka mwili mzima, taratibu. "Nimeweza. Ila nimefika ukingoni, sijui sasa nifanyeje."

"Miguu inataka kwenda wapi?"

"Chini."

"Si uiache iende, baba?"

Akaiacha. Miguu ilipokuwa inashuka, akasukuma godoro kwa kiwiko na kiganja, akajikuta ameketi. Ameketi! Akapumua kidogo, akasimama, akatoka amejikunja, ameshika ukuta. "Shikamoo, mama." Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga kama adabu inavyotaka. "Marahaba, mwanangu," akaitikia.

Jumapili iliyofuata wanajumuiya walitoa ushuhuda kanisani. Walisema nini? "Tulikwenda, tukamwinua."

Mimi habari hii inanichanganya, na nataka iwachanganye na ninyi. Walioruhusiwa kumgusa ndio waliomrudisha kitandani. Aliyekatazwa kumgusa ndiye aliyemtoa. Je, mikono ni mibaya? Hapana. Ila mikono yetu ina haraka, inafika kabla ya masikio.

Sisi ndio wale, ndugu zangu. Tunajaa nyumbani kwa mjane tunamwambia "jikaze", tunapanga watoto wake walelewe na nani, naye hajafungua kinywa. Kijana kaachishwa kazi, kila mmoja ana hotuba yake. Binti kapoteza mimba, tunamwambia Mungu atampa mwingine, tunaaga, tunaona tumefariji.

Wiki hii mkienda kumwona mtu, mwulizeni anaumia wapi. Kisha nyamazeni hadi ajibu, hata akichelewa. Na tukipiga hodi tukaambiwa amelala, tusikimbilie kusema amina. Tusimame pale mlangoni tujiulize, jana tulimfanya nini?